Vijana, Simu na Herufi Mbili za Damu



Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961, Chama cha TANU kiliwataja maadui watatu wa Taifa: ujinga, umaskini na maradhi. Wengi wamezoea kuwahesabu maadui hao mmoja mmoja, kana kwamba kila mmoja amejenga ngome yake mbali na wenzake. Mazungumzo haya yanahusu mahali ambapo wawili kati yao wamekutana na kupeana mikono, na mahali penyewe ni kiganjani mwa kijana aliyeshika simu.

Maradhi yanayohusika ni selimundu, ambayo wananchi wengi huyaita siko seli. Ujinga unaohusika si ule wa zamani wa kutoijua herufi. Ni ujinga wa mtu ajuaye kusoma, tena aliyesomeshwa kwa fedha za umma, lakini ambaye amepoteza desturi ya kulisoma jambo mpaka mwisho wake.

Katika simu za vijana hupita mara kwa mara video fupi zinazowaonya wachumba waangalie herufi za damu zao kabla ya kuoana. Nyingi zimetoka Nigeria, nchi yenye wagonjwa wa selimundu wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, ambako vijana wamekwisha zoea kuulizana habari hizo mapema, kabla posa haijapelekwa. Onyo lenyewe ni jema. Tatizo ni kwamba kijana anayelitazama huondoka na herufi bila kuondoka na maana yake.

Chukulieni kijana wa Temeke au wa Ilemela aliyemaliza kidato cha nne na mwenye mchumba. Video imemwambia aijue damu yake. Anaitafuta kadi aliyopewa siku alipochangia damu, anakuta imeandikwa O; anamwuliza mchumba wake, naye anasema yeye ni A. Wote wawili wanashusha pumzi. Hawajui kwamba wamesoma jibu la swali jingine kabisa.

Herufi A, B, AB na O ni za makundi ya damu, yanayotazamwa mtu anapotaka kutoa damu au kuongezewa. Herufi AA, AS na SS ni za himoglobini, yaani ile protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu, ambayo huchukua oksijeni mapafuni na kuifikisha mwili mzima, na ambayo ndiyo huipa damu wekundu wake. Mtu wa kundi O aweza kuwa AA, AS au SS. Kundi lake halisemi lolote juu ya hayo. Lakini kwa kuwa zote ni herufi za damu, na kwa kuwa A imo pande zote mbili, mwenye haraka huzichanganya. Aya moja ya maandishi ingetosha kulisahihisha kosa hilo. Katika video ya nusu dakika, aya hiyo ndiyo hukatwa kwanza, kwa sababu haichekeshi wala haitishi.

Sasa yafaa jambo lenyewe lielezwe kwa utaratibu. Kila mtu hurithi kinasaba kimoja cha himoglobini hii kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Aliyepata A kwa wazazi wote wawili ni AA. Aliyepata A kwa mmoja na S kwa mwingine ni AS. Huyu si mgonjwa, hulima, hucheza mpira, huzaa na kuzeeka kama wenzake, ila amebeba kinasaba anachoweza kumrithisha mtoto. Aliyepata S pande zote mbili ni SS, naye ndiye mwenye ugonjwa. Mwaka 1957 mtaalamu Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge nchini Uingereza, alionyesha kwamba tofauti kati ya himoglobini A na S ni kiungo kimoja tu katika mnyororo wa viungo 146. Ni sawa na kitabu kilichokosewa herufi moja, na kosa hilo likabadili maana ya kitabu kizima.

Himoglobini S ikiisha kuitoa oksijeni yake hunatana yenyewe kwa yenyewe, na chembe iliyokuwa ya mviringo na laini hupinda mfano wa mundu wa kukatia mpunga. Hapo ndipo lilipotoka jina la ugonjwa. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyopinda huishi siku 10 hadi 20. Basi mgonjwa hupungukiwa na damu, macho humgeuka manjano, na chembe zilizopinda zinapoziba mishipa midogo hupatwa na maumivu makali ya mifupa, na pengine kiharusi, hata akiwa mtoto. Bandama, ambayo hukinga mwili dhidi ya vijidudu, huharibika mapema. Tena ugonjwa huu una hila: mtoto huzaliwa akionekana mzima, kwa kuwa himoglobini ya kitoto humlinda katika miezi ya mwanzo. Ni baada ya miezi sita hivi ndipo vidole vyake huvimba, na mama huanza safari ya kutoka zahanati moja hadi nyingine, na mara nyingine kwa mganga.

Tanzania imo katika nchi chache zinazoongoza duniani kwa idadi ya watoto wanaozaliwa na selimundu. Wanakadiriwa kuwa kiasi cha 11,000 kila mwaka. Wenye kubeba kinasaba bila kuugua ni watu 13 hadi 20 katika kila 100, na Kanda ya Ziwa imo upande wa juu wa hesabu hiyo. Barani Afrika inakadiriwa kwamba nusu au zaidi ya watoto wenye SS hufa kabla ya kutimiza miaka mitano wasipotambuliwa mapema na kutunzwa. Hili basi si jambo la kutaniana mitandaoni.

Katika habari yote ya selimundu, sentensi inayohitaji msomaji mtulivu kuliko zote ni hii: wazazi wawili wenye AS wana uwezekano wa mmoja kwa wanne wa kupata mtoto mwenye SS. Mtazamaji wa video fupi huisikia na kudhani ameelewa. Anaelewa kwamba katika watoto wanne mmoja atakuwa mgonjwa. Wakimpata mgonjwa kwanza, mume humwambia mke kuwa deni limekwisha lipwa na watatu wanaofuata watakuwa wazima. Kwa imani hiyo huzaliwa wa pili, naye mgonjwa, na nyumba huanza kutafuta mchawi.

Maana ya kweli ni hii. Kila mimba ni bahati nasibu mpya. Baba anarusha sarafu yake, mama anarusha yake. Zote zikiangukia upande wa S, mtoto ni SS. Sarafu haina kumbukumbu, haijui ilivyoanguka mwaka juzi. Mtu akikusanya familia 100 za wazazi wa namna hiyo, kila moja ikiwa na watoto wanne, atarajie kwamba familia kiasi cha 32 hazina mgonjwa hata mmoja, kiasi cha 42 zina mgonjwa mmoja, na 26 zilizobaki zina wawili au zaidi. Zile 32 ndizo hupotosha majirani, kwa maana husema wao ni AS na AS na hawajaona lolote. Zile 26 ndizo husingiziwa laana. Ama AS akioana na AA, hakuna mtoto atakayekuwa SS, ijapokuwa kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kubeba kinasaba. Hesabu hii si ngumu kuliko hesabu za darasa la saba. Inataka dakika kumi, karatasi na kalamu, na dakika kumi mfululizo ndizo ambazo simu haimpi mtu.

Wanawake wengi wamebeba lawama isiyo yao. Mtoto akiugua husemwa kwamba mama ana damu mbaya, na ndoa zimevunjika kwa neno hilo, hali mtoto hawezi kuwa SS pasipo baba kutoa S yake. Wala hakuna ukoo uliolaaniwa. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtaalamu aliyekulia Kenya, alitangaza matokeo ya kupima damu za watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Aliona kwamba kinasaba cha S kimeenea palipo na malaria nyingi, kama pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwenye AS hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Kwa vizazi vingi watoto wenye AS walinusurika zaidi ya wenzao, wakakua, wakazaa, wakarithisha. Alama ya S katika damu ya Mjaluo, Msukuma au Mzaramo ni kovu la vita virefu ambavyo mababu walipigana na mbu. Habari hii ni nzuri na ya kweli, nayo haijulikani na vijana wengi kwa sababu ni ndefu.

Maarifa yaliyokatwa katikati yana hatari nyingine, nayo ilikwisha kuonekana Marekani. Huko, mwaka 1971, chama cha Black Panther kilianza kuwapima Wamarekani Weusi bila malipo, kikidai kwamba dola ya kibeberu imeupuuza ugonjwa huu kwa kuwa ni wa Weusi. Kelele hizo zilisikika, na mwaka 1972 serikali ya huko ilipitisha sheria ya kuushughulikia. Lakini majimbo kadhaa yalikuwa yamekwisha harakisha sheria za kuwapima watu kwa lazima, nyingine zikiwa zimeandikwa na watu wasiojua kutofautisha AS na SS. Matokeo yake, watu wazima wenye afya, waliobeba kinasaba tu, walinyimwa kazi na bima. Chuo cha wanaanga wa jeshi la nchi hiyo kiliwazuia wenye AS hadi mwaka 1981. Anayesema leo katika mtandao kwamba wenye AS waogopwe ajue kwamba njia hiyo ilikwisha kupitwa, na mwisho wake unajulikana.

Itasemwa kwamba lawama hizi ni za wazee wasiopenda mambo mapya. Sivyo. Simu ni chombo, na chombo hakina itikadi. Mitandao inayopita ndani yake, hata hivyo, ina wenyewe. Makampuni ya kibepari ya Marekani na China huuza kitu kimoja kwa wenye matangazo, yaani macho ya watu, na kadiri kidole kinavyozidi kutelezesha kutoka jambo moja hadi jingine ndivyo faida inavyoongezeka. Kijana anayesimama dakika kumi juu ya aya moja ni hasara kwao. Mkulima wa pamba wa zamani alijua walau kwamba mzani wa mnunuzi umechezewa. Kijana hununua bando kwa fedha yake mwenyewe, akaenda kuuza usikivu wake bure, na akirudi hana habari kwamba kulikuwa na mnada.

Wala si dhana tupu kwamba kusoma katika kioo ni tofauti na kusoma katika karatasi. Mwaka 2018 wataalamu wa Hispania na Israeli walichapisha uchambuzi wa tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Waliona kwamba watu huelewa zaidi wanaposoma katika karatasi kuliko katika kioo, hasa maandishi ya maarifa, na hasa wakiwa na haraka. Katika hadithi tofauti hiyo haikuonekana. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba pengo halikupungua kadiri watu walivyozidi kuvizoea vyombo hivyo, liliongezeka. Maelezo ya kinasaba ni maandishi ya maarifa, na msomaji wake kwa kawaida ana haraka.

Haraka hiyo ina wafanyabiashara wake. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliruhusu tiba ya selimundu ya kuhariri vinasaba, ambamo chembe za uboho wa mgonjwa hutolewa, hurekebishwa na kurudishwa. Bei yake iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mtandaoni habari hiyo huweza kukatwa ikabaki kusema kwamba selimundu imepata dawa. Baada ya hapo anayeuza unga wa mizizi ndani ya chupa hana kazi kubwa ya kumshawishi mzazi. Mzazi huyo angesoma zaidi angekuta habari isiyo na makeke lakini yenye faida kwake: matokeo ya majaribio yaliyofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba vidonge vya haidroksiyurea hupunguza maumivu, haja ya kuongezewa damu na hata vifo vya watoto wenye selimundu. Angejua pia kwamba mtoto mdogo hupewa penisilini kila siku ili kumkinga, na kwamba Muhimbili imewafuatilia wagonjwa kwa utaratibu tangu mwaka 2004.

Nchi hii ilikwisha kulitatua tatizo linalofanana na hili ikiwa na vyombo duni kuliko vya leo. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kufikia mwaka 1986 wasiojua walikuwa chini ya mmoja katika kumi. Lakini zaidi ya asilimia hizo, ambazo wanasiasa hupenda kuzinukuu, linalofaa kukumbukwa ni namna kazi ilivyofanyika katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa majuma 12 watu wanaokadiriwa kuwa milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini na mijini. Redio ilizungumza, ikinyamaza, kiongozi wa kikundi alifungua kitabu na kusoma sehemu ya wiki hiyo kwa sauti. Kisha wakajadiliana, wakaulizana kama jambo hilo limo kijijini kwao, wakaamua la kufanya. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu kwa maelfu.

Redio ilikuwa simu ya siku zile. Ilipita upesi, haikurudia, na aliyekosa neno alilikosa. Waliopanga kampeni walilijua hilo, ndiyo maana hawakuiachia redio peke yake. Sauti ilimwita mtu, kitabu kilimweleza, kikundi kilimsahihisha. Leo wito unasikika usiku na mchana, na mambo mawili yaliyokuwa yakifuata yameachwa. Kikundi cha WhatsApp kina jina la kikundi, lakini aghalabu hakuna anayemwuliza mwenzake kama ameelewa. Huweka kidole gumba na kupita.

Kwa hiyo pendekezo lililo mbele ya mkutano huu ni dogo, na gharama yake ni ndogo. Kiandikwe kijitabu cha kurasa zisizozidi 16 kwa Kiswahili safi, chenye picha ya sarafu mbili na hesabu ya familia 100, kikiandikwa na madaktari pamoja na walimu wa lugha, wala madaktari wasiachiwe peke yao. Kieleze wazi kwamba baadhi ya vipimo vya haraka vya selimundu huonyesha kuwa S imo lakini havitofautishi AS na SS, hivyo atakayeambiwa kuwa S imo asikate tamaa wala asiridhike mpaka apate kipimo kinachozitenganisha himoglobini. Kieleze kwamba wachumba wenye AS wote wawili hawakatazwi na sheria kuoana, bali wana haki ya kuamua wakijua. Kisomwe kwa sauti katika vikundi vya vijana, vyuo vya ualimu, mafundisho ya ndoa misikitini na makanisani, na katika kliniki za mama na mtoto ambako akina mama hukaa foleni saa nyingi bila la kusoma. Video fupi zitengenezwe pia, kwa kazi moja tu ya kumwambia kijana kijitabu kinapatikana wapi na kikundi kinakutana lini.

Wapo watakaosema kwamba vijana hawatakuja. Huenda wiki ya kwanza wasije wengi. Lakini kijana mwenye mchumba ana sababu ya kuja kuliko mzee wa mwaka 1973 aliyeitwa kuzungumzia choo.

Ama kuhusu mahali pa kuanzia, Kanda ya Ziwa ina haki ya kutangulizwa. Ndiko kinasaba kilikoenea sana, na ndiko ulikoanzia, mwaka 1968, mradi wa majaribio wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao vitabu vyake viliwafunza watu kusoma kwa kuzungumzia pamba, migomba, uvuvi na mifugo. Wapo wazee huko waliojifunza herufi zao za kwanza katika madarasa hayo, na wajukuu wao ndio wanaooana sasa. Siku ya Selimundu Duniani huadhimishwa kila tarehe 19 Juni. Kikundi cha kwanza kikikutana juma moja kabla ya siku hiyo, chini ya mwembe au katika darasa la shule ya msingi baada ya masomo, kinachohitajika ni nakala 20 za kijitabu, mwalimu mmoja na sarafu mbili.